Tupeane uzoefu: Mzazi wako akisikia kuna shida inakuja, anajaza nini ndani?

Kigoda: Wakuu, leo nimefungua stoo ya mama, Morogoro, nikakuta madumu sita ya mafuta ya kula. Ni yale ya 2020, hayajaguswa. Machi ile, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa, nilimtumia hela ya dawa ya presha. Dawa kanunua ya siku kumi. Iliyobaki yote ikaishia kwenye mafuta, chumvi na sabuni za miche. Nilimfokea, na inaniuma hadi leo. Kwenu ilikuwaje?

MpwaniHalisi: Kwetu chumvi. Hadi uvunguni.

Mama Dula: Chumvi na viberiti. Baba hapitishi mwezi bila kununua.

Mzee Kijiti: Mimi ndiye hao wazee mnaowasema, nina miaka 71. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Ikawa miaka. Sabuni ikisikika imefika duka la kaya, unaacha jembe shambani unakimbilia foleni. Mke wangu alijifungua 1982, nikazunguka Tabora mjini kutwa natafuta kipande cha kufulia nepi. Tulifulia majani ya mpapai.

Mwanzoni mwa 1983 nikapata gunia la sukari kwa njia za panya. Mara msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na walioficha bidhaa, ukaanza, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Jirani yangu wakamjia usiku kwa katoni za sabuni. Usiku uleule tukachimba nyuma ya choo, tukafukia. Alfajiri mvua ikashuka. Nilimkuta mke wangu amepiga magoti shimoni, anachota maji ya tope kwa kikombe na kuyachuja kwa khanga, mtoto apate uji wa sukari. Analia bila sauti.

Mwaka 2024 sukari ilipopita 4,000 kwa kilo, akanunua mfuko wa kilo 25. Mtoto yuleyule akamwambia, "Mama, huu ni ulanguzi." Hakujibu. Aliingia ndani, na siku ile hakula.

Mama Dula: Shikamoo mzee. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

MpwaniHalisi: Jirani alirudi?

Mzee Kijiti: Alirudi mwaka uliofuata. Duka hakufungua tena.

Muuza Rejareja: Pole mzee wangu, kwa heshima zote. Ila nina duka Mbagala. Akija mmoja akabeba mfuko mzima, wateja wangu wa robo wanarudi mikono mitupu, na humo wamo wazee wasio na mtoto wa kuwatumia hela. Hao nao walipanga foleni 1983.

Nyundo: Acha hizo! Mashamba ya miwa yalijaa maji ya mvua, viwanda vikashindwa kuzalisha, wewe unamsingizia bibi wa kilo 25?

Muuza Rejareja: Sijamsingizia. Nasema nilichokiona kaunta.

Nyundo: Na bei uliipandisha nani akikulazimisha?

Muuza Rejareja: Kwa jumla niliuziwa ghali. Niuze kwa hasara?

Shosho wa Nakuru: Huku kwetu baada ya uchaguzi wa 2007 maduka yalifungwa na barabara zikawekwa vizuizi. Nyanya alikuwa na magunia matatu ya mahindi tuliyokuwa tukimsuta kwayo. Yalilisha ploti nzima, hata wale ambao watu walitaka tuwafukuze. Tangu hapo simwambii mzee kitu.

Mama Dula: Chumvi sawa. Mafuta ya taa hapana, baba alikuwa nayo chumbani karibu na jiko. Hamisheni, hata akinuna.

MpwaniHalisi: Unga nao unaingia wadudu. Mnunulieni kidogokidogo kila mwezi.

Nyundo: Mpeni hela, anunue anachotaka.

Mama Dula: Dawa kwanza! Nunua mwenyewe, peleka mkononi.

Kigoda: Nimempigia mama, nikamuuliza 1983 alikuwa wapi. Amenyamaza kidogo, kasema njoo Jumamosi, hayo si ya kwenye simu.

Muuza Rejareja: Nenda mkuu. Na hayo mafuta msipikie, yameshachacha.