Tupeane uzoefu: wanene katika filamu za anga na za uchawi, walikufundisha nini juu ya mwili wako?

MwandishiWaHimbi, Goma

Wandugu, hamjambo. Niko Goma, kartie (mtaa) Himbi, mama wa watoto wawili, na mwili wangu ni mkubwa tangu utoto. Naandika pia hadithi za milima inayosema na wanawake wanaosafiri chini ya ziwa, ingawa bado ziko kwenye daftari.

Wiki iliyopita mwanangu wa miaka 7 alichukua karatasi akaigawa kati kwa mstari mwekundu. Kushoto akapanga wazuri, kulia wabaya, kama anavyoona kwenye filamu zake. Baba yake alikuwa kushoto na upanga wa mwanga. Dada yake kushoto, na mabawa. Mimi alinichora kulia, karibu na joka. Alinichora vizuri, hata kitenge changu cha maua ya njano alikikumbuka, na tumbo akalijaza rangi mpaka karatasi ikalegea. Nikamuuliza, mama amefanya nini mpaka akakaa na wabaya? Akanijibu polepole, bila ubaya wowote, kama mtoto anayemwonyesha mgeni njia ya sokoni: "Mama, wanene ndiyo wanakaa upande ule."

Sikumkasirikia. Nilijaribu kumtajia mnene mmoja wa kukaa kushoto. Nikamtaja yule panda anayejifunza kungfu. Akakubali, kisha akasema: "Lakini yule ni mnyama."

Mnajua kwetu hapa mtu akikuambia umenenepa, mara nyingi anakusifu. Ana maana kwamba unakula, unalala, nyumba yako ina amani. Shangazi zangu walinishika mashavu wakanisifu hivyo utoto wote. Wapo hata wanaonunua vidonge vya kuongeza kilo, jambo linaloniumiza kwa namna nyingine. Kwa hiyo aibu ya mwili wangu sikuipata nyumbani. Niliipata mbele ya skrini, na sasa mwanangu anaipata palepale.

Naomba tupeane uzoefu. Majina ya filamu tunayajua. Ninachotafuta ni siku ile uliyoona mwili kama wako kwenye filamu au katuni, na ulivyotoka pale.

MtafsiriWaKadutu, Bukavu

Aksanti mama kwa kufungua mazungumzo haya. Mimi nina la kuungama.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtafsiri katika sale ya video huku Kadutu. Sauti ya filamu inashushwa, mimi nashika mikrofoni nawaeleza watu kwa Kiswahili kinachotendeka. Watoto walikaa kwenye mbao mbele, wakubwa nyuma. Filamu ikiwa na majina magumu, mtafsiri anawapa watu majina ya hapa ili wasipotee.

Siku niliyotafsiri ile ya vita vya nyota ya mwaka 1983, akatokea Jabba, lile konokono kubwa linalomfunga binti kwa mnyororo. Nikamwita Bwana Tumbo. Sale nzima ikapiga kelele. Nilifurahi, nikaona jina limefanya kazi, nikalitumia tena. Kila mnene aliyeonekana, kwenye filamu yoyote, alikuwa Bwana Tumbo au Mama Tumbo, na watu walijua mara moja kwamba huyu ni mlafi au msaliti. Sikuhitaji kueleza tena. Filamu zilikuwa zimekwisha kunifanyia kazi: mnene anaingia, anakula kitu, mafuta yanatiririka kidevuni, na hukumu imepita kabla hajasema neno.

Mlangoni palikuwa na mama aliyeuza mandazi. Mwili wake ulikuwa mkubwa na sauti yake ndogo sana, ilibidi uiname umsikie. Alikuwa anatukopesha mpaka mwisho wa juma. Watoto wakaanza kumwita Mama Tumbo, kwa sauti yangu, wakiniiga hata kikohozi changu. Alivumilia kama miezi miwili. Kisha siku moja meza yake haikuwepo. Niliulizia, nikaambiwa amehamia Panzi, kartie nyingine ya hapa Bukavu.

Juzi niliona kwenye simu yule Baron wa sayari ya mchanga, wa Dune. Katika kitabu cha mwaka 1965 ni mnene kiasi kwamba amefungwa vyombo vya kumnyanyua ili mwili wake usimlemee. Katika filamu ya 2021 anaelea hewani. Nimejiuliza sana: ukatili wake ungepungua nini kama angekuwa mwembamba? Anaua jamaa nzima kwa hila na jeshi. Hiyo peke yake inatosha kumchukia. Uzito wake umewekwa ili tusitumie akili.

KatubaKwetu, Lubumbashi

Mtafsiri, pole. Mtafute huyo mama, Panzi si mbali.

Mimi nasema juu ya picha. Nyumbani kwa kambo (bibi) yangu, hapa Katuba, sebuleni palitundikwa picha ya mamba muntu, iliyochorwa kwa rangi kwenye kitambaa cha mfuko wa unga. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka, miaka ya 1970 picha hizo zilikuwa katika nyumba nyingi. Nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, nyoka, saa mkononi. Mwanamume akipata unywele wake na akatunza siri, anatajirika.

Kambo alikuwa mnene, aliuza samaki thomson soko la Kenya, na kila jioni alikaa chini ya picha ile akihesabu makuta yake. Nilipokuwa na miaka kama minane nilimuuliza kama mamba muntu ni mzuri. Aliitazama picha muda mrefu, akasema: "Ni mzuri, lakini hajawahi kubeba mtu." Kisha akanivuta mapajani.

Baadaye nikaona katuni ya nguva ya 1989. Binti mzuri ana kiuno cha sindano. Mchawi wa bahari, Ursula, ana mwili wa kambo: mikono yake, kidevu chake, hata namna ya kukaa akijaza kiti. Wachoraji walimtengeneza kwa mfano wa msanii wa Marekani aliyeitwa Divine. Hilo sikulijua wakati ule. Nilijua tu kwamba mwili ulionibeba, baharini ulikuwa unaiba sauti za watoto. Usiku ule kambo aliponiita mapajani nilisema nina joto. Hakuuliza kitu. Amekwisha kufariki, na hilo la joto sikupata kulisahihisha.

KijanaWaNdosho, Goma

Yaya, mimi nataka kueleza habari ya Choji, na nitaeleza kirefu kwa sababu ilinifikisha hospitali.

Wasiomjua: ni kijana wa katuni ya Kijapani ya Naruto. Ukoo wake wote ni wa wanene, na unene ndio ufundi wao. Chakula wanachokula wanakigeuza kuwa nguvu. Anajikuza mkono ukawa kama nyumba, anajiviringisha kama jiwe linaloshuka mlimani. Na ana rafiki, Shikamaru, aliyemkubali wakati watoto wengine wanamkataa kwenye michezo. Kwa mtoto mnene wa Ndosho ile ilikuwa kama mvua. Nilikuwa kipa wa timu ya avenue yetu, wakanipa jina la Choji, nikaliandika kwa kalamu ya bluu nyuma ya fulana. Kwa mara ya kwanza nilitajwa mnene na nikasimama wima.

Kisha ikafika ile vita yake na Jirobo, ambaye pia ni mnene, na anayemtukana kwa unene. Choji ana vidonge vitatu vya ukoo: cha kijani, cha njano, chekundu. Chekundu kinaweza kumuua. Anakimeza. Mafuta yake yote yanayeyuka na kuwa nguvu, anatokewa na mabawa ya kipepeo ya mwanga mgongoni, na anapiga ngumi moja inayomaliza vita. Na pale, dakika aliyo shujaa kuliko siku zote za maisha yake, ni mwembamba. Mashavu yameisha. Uso mzuri.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilihisi kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake mwenyewe. Kumbe hata yeye, siku ya utukufu, ilibidi aache mwili wetu.

Nikaanza kutokula. Asubuhi chai bila mkate, mchana fufu yangu nampa mdogo wangu kwa siri, jioni nasema nimekula kwa rafiki. Siku ya kumi na kitu nilianguka darasani, paji la uso likagonga pembe ya dawati. Kovu ninalo. Mama alinikalia kitandani usiku mzima akiuliza nani kaniroga. Ningemwambia nini, kwamba ni kidonge chekundu?

Leo nina miaka 24, bado naipenda katuni ile, na bado nasema Choji ni mmoja wa watu wema kabisa humo. Ndiyo maana iliniumiza. Jabba hakuwahi kuniahidi kitu.

MwanaBagira, Bukavu

Kwangu ilikuwa kinyume. Majin Buu wa Dragon Ball. Yule mnene ndiye anayefundishika: anapata rafiki, anamponya mbwa, anaahidi kuacha kuua. Ubaya wote unapotoka ndani yake unakuwa kiumbe mwembamba, na mwisho wa yote, aliye mbaya kabisa ni kadogo kakavu. Nilikuwa na miaka 10, nikasema ndani yangu: haya, angalau mara moja.

MamaWaWawili, Lubumbashi

Na Obelix. Baba aliniletea vitabu vile vya Kifaransa vilivyochakaa, vya mtumba. Anabeba jiwe kubwa mgongoni kama mfuko wa makaa, na akiambiwa mnene anakataa katakata. Nilipenda nguvu zake. Sikupenda kwamba ilibidi akatae.

MuuguziNguba, Bukavu

Naomba nitofautiane kidogo, nikiwa muuguzi.

Mmelaumu, na sawa. Lakini ile filamu ya 2008 ya roboti anayekusanya takataka, WALL-E, ambapo binadamu wamekaa miaka 700 kwenye chombo cha anga na wamenenepa kwenye viti vinavyoelea, watu wengi wanaitaja kama tusi. Mimi naona ilijaribu. Haikuwafanya wabaya. Nahodha wao ndiye anayesimama kwa miguu yake, kwa shida, ili wote warudi duniani. Nililia pale.

Kinachonisumbua ni sayansi yake. Mwili angani hauendi hivyo. Mtu akikaa huko miezi, mifupa inayobeba uzito inapoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi, misuli inapungua, maji ya mwili yanapanda juu, uso unavimba na miguu inakuwa myembamba. Ndiyo maana wanaanga wanafanya mazoezi kama saa mbili kila siku. Filamu inagusia mifupa kwa mzaha mfupi tu; ingeweza kuikazia, na ingekuwa kweli zaidi na ya kutisha zaidi. Ilichagua mafuta, kwa sababu mafuta mtazamaji ameshafundishwa kuyasoma kama uvivu.

Hata Thor, yule shujaa wa nyundo, katika filamu ya 2019: amepoteza ndugu, amepoteza watu wake, amekuwa mnene, na watu kwenye skrini na mbele yake wanacheka. Nyundo bado ilimwitikia, hilo waliliweka, nawashukuru. Lakini nimehudumia watu walionenepa baada ya msiba. Hakuna aliyecheka wodini.

KijanaWaNdosho, Goma

Mama muuguzi, aksanti. Swali: kwa nini filamu za mwisho wa dunia, mnene anakufa wa kwanza? Kila mara anakimbia nyuma, anahema, wanamwacha.

MwandishiWaHimbi, Goma

Mdogo wangu, swali lako limenikalisha. Nitakujibu kwa niliyoyaishi.

Mwaka 2021 tulikaa Mabanga, kartie ya hapa Goma. Nyiragongo, volkano yetu, ilitoa moto usiku wa tarehe 22 Mei, mbingu ikawa nyekundu, hilo wote mnalijua. Halafu matetemeko, siku baada ya siku, nyufa barabarani. Tarehe 27 asubuhi mapema ikatoka amri kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke. Mume wangu alikuwa safarini Beni. Motari (dereva wa pikipiki) mmoja alinitazama akasema hawezi kunibeba na mizigo. Mwingine akataja bei ambayo sikuwa nayo.

Nikatembea. Goma mpaka Sake ni kama kilomita 25. Binti yangu nilimshika mkono, mdogo nilimfunga mgongoni kwa kile kitenge cha maua ya njano, alikuwa na miaka 3 na mzito. Mapaja yalichubuka kabla ya Mugunga. Nilipaka mafuta ya mawese niliyopewa na bibi mmoja kando ya njia, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Gari zilikwama, watu wembamba na wanene tulikwenda pamoja, mbuzi katikati. Mvua ikanyesha. Mtoto alilala mgongoni pangu kama kwenye godoro; sikumsikia akilia mpaka tukafika.

Sijawahi kuandika haya. Nina madaftari matano ya malkia wa chini ya ziwa, wote wembamba. Nimeyapitia leo asubuhi, wote, mmoja mmoja. Mimi mwenyewe niliwachora hivyo.

MtafsiriWaKadutu, Bukavu

Mama, hiyo ya kitenge andika. Mimi nitaisoma kwa mikrofoni, na majina utachagua wewe.

Kesho nakwenda Panzi kuulizia.

KatubaKwetu, Lubumbashi

Na mtoto je? Anajua kwamba ni yeye aliyekuwa mgongoni?

MwandishiWaHimbi, Goma

Hakujua. Nilidhani anajua.

Jana jioni nilimweleza, kitenge kikiwa mikononi, doa la mawese bado linaonekana pembeni. Aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Viatu vilikuwa vya rangi gani. Mbuzi walikuwa wangapi. Yeye alikuwa wapi hasa, juu kidogo au chini kidogo, na kichwa kilielekea upande gani. Nikampigia magoti, nikamwonyesha mahali.

Akachukua karatasi mpya. Mstari mwekundu hakuuchora. Nyekundu yote ameimalizia kwenye mlima, na penseli imekwisha kabla mlima haujaisha. Ameniambia mchoro usiguswe na mtu mpaka ninunue nyingine.