Nimekabidhiwa daftari niandike namba za magari ya wateja wa machangudoa. Niendelee au nilirudishe?

Dirisha_la_Kona (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linaninyima usingizi, tena usingizi wenyewe hasa, maana dirisha la chumba ninacholala linatazama kona wanayosimama kina dada wanaojiuza kuanzia saa nne usiku. Mwaka wa sita huu naishi hapa. Honi, ubishi wa bei, milango ya magari kubamizwa, siku nyingine kilio. Asubuhi wanangu wakienda shule wanaruka kondomu zilizotumika.

Miaka yote polisi walikuwa wanakuja na gari lao, wanazoa wanawake, wanawalaza rumande, wanawatoza faini. Keshokutwa wamerudi palepale, na safari hii wanakesha zaidi ili wapate kufidia ile faini. Sasa amekuja mkuu wa kituo mpya. Aliita kamati yetu ya mtaa akasema mchezo huo yeye hauchezi tena, anataka kumbana mnunuzi. Ana mipango mitatu. Askari kanzu wa kike watasimama pale kama chambo. Wanaume watakaonaswa, picha zao zitabandikwa hadharani. Na sisi wakazi tuandike namba za magari yanayozungukazunguka usiku, kisha polisi wamtafute mwenye gari na kumpelekea barua nyumbani kwamba gari lako lilionekana mahali fulani saa fulani.

Daftari nimepewa mimi, kwa sababu ya hilo dirisha. Nimeandika usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu mkono umekuwa mzito. Kamati inakutana Jumamosi. Hoja ya kuwabana wateja naiunga mkono, ila hili daftari silielewi. Waliowahi kuona mambo haya kwao naomba uzoefu. Matusi sihitaji, ninayo ya kutosha hapa mtaani.

Mzee_Kifimbo

Andika mkuu, unafikiria nini? Soko bila mnunuzi ni uwanja mtupu. Mwanamume akishajua barua itafika mkononi mwa mkewe, atapita njia nyingine.

Jicho_la_Pili

Atapita njia nyingine, ndiyo. Njia hiyo ni mtaa wangu, Mzee. Kwetu walibana hivyohivyo, biashara ikahamia nyuma ya shule. Nyingine ikaingia kwenye simu, huko hakuna dirisha la kuchungulia.

Binti_Mwanasheria

Mtoa mada, anza na sheria ya nchi yako. Kuna mahali kununua ni kosa, mahali kuuza ni kosa, mahali vyote viwili, na mahali ambapo hakuna kosa mpaka kuwe na kuwadi au danguro. New Zealand waliifuta adhabu kwa pande zote mwaka 2003.

Anachokisema huyo mkuu wa kituo kina historia. Sweden ndiyo ya kwanza kutunga sheria ya kumwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji, mwaka 1999. Norway na Iceland wakafuata 2009, Ufaransa 2016. Ufaransa anayenaswa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,500, akirudia inafika 3,750. Watu zaidi ya 200 wanaofanya kazi hiyo walikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kulalamika kwamba sheria hiyo inawasukuma mafichoni. Mwaka 2024 mahakama ikasema Ufaransa haijavunja haki zao. Kwa hiyo yeyote atakayekuja hapa kukwambia suala hili limeshaamuliwa, muulize limeamuliwa wapi.

Sasa turudi kwenye barua. Barua haiendi kwa aliyekuwa kwenye usukani, inakwenda kwa mwenye gari. Marekani kuna kesi ya Bennis dhidi ya jimbo la Michigan. Mume alikamatwa akiwa na kahaba ndani ya gari ambalo yeye na mkewe walilinunua pamoja kwa dola 600. Serikali ikalitaifisha gari. Mke akadai sehemu yake, kwa kuwa hakujua lolote. Ikafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi, na mwaka 1996 majaji watano dhidi ya wanne wakasema mke hana chake. Mume kafanya kosa, mke kapoteza gari. Daftari lako lina harufu hiyohiyo.

Mama_Mapacha

Hiyo barua mimi niliipokea. Sisemi wapi. Gari liliandikishwa kwa jina langu, na usiku huo alikuwa nalo mdogo wangu, alikuwa anampeleka mwenzake zamu ya usiku hospitalini. Walipotea njia, wakazunguka mara tatu. Barua ikaja kwenye bahasha yenye nembo, mume wangu akaifungua. Akaanza kuniuliza mimi! Mimi mwanamke, eti nilikuwa natafuta nini kule. Sasa hivi tunacheka, lakini zile wiki mbili sikucheka. Na hakuna pa kukata rufaa, kwa sababu barua haikushtaki kosa lolote, inasema tu "lilionekana".

Mzee_Kifimbo

Pole sana mama. Ila mmoja kupotea njia hakufanyi wengine wote kuwa wamepotea njia.

Nilitoka_2

Nimesoma uzi wote nikasita kuandika. Mimi nilisimama kwenye kona kama hiyo miaka minne.

Wateja siwaonei huruma, wabandikeni mkitaka. Ila mjue kinachotokea kwetu mkiwabana. Mteja asiye na hofu anasimamisha gari, mnaongea, unamtazama. Unaangalia kama kuna mtu amelala kiti cha nyuma, kama amelewa, kama mkono mmoja ameuficha. Wenzako wanalikariri gari. Mteja mwenye hofu ya polisi anakwambia ingia, ingia haraka, mtaongea mbele ya safari. Ile dakika moja ndiyo ilikuwa silaha yetu. Na wanaokimbia kwanza ni wale waoga, wapole. Anayebaki ni yule ambaye hata polisi hamtishi, ndiye huyo unapanda gari lake kwa sababu usiku umekwisha na hujapata kitu.

Sikutolewa na msako. Alikuja mama mmoja kila Alhamisi, hakuwahi kunihubiria, akaniambia kuna chumba na ufunguo ni huu. Nilimkatalia kama mara kumi hivi. Mtoa mada, muulize mkuu wa kituo kama ana ufunguo.

Askari_Mstaafu

Nimefanya kazi hii, nimewahi kuvaa kiraia kwenye mitego hiyo. Dada hapo juu amesema kweli, na mkuu wa kituo naye hajakosea. Nitaeleza.

Ukitaka mfano wa kumwekea mezani, chukua Ipswich, Uingereza. Mwisho wa mwaka 2006 wanawake watano waliokuwa wakijiuza barabarani waliuawa na mtu mmoja ndani ya wiki chache. Baada ya hapo polisi na halmashauri wakabadilisha kila kitu. Madereva wanaovizia walikamatwa bila huruma. Lakini wakati uleule, kila mwanamke alipewa mtu wake wa kumfuatilia, matibabu ya dawa za kulevya, nyumba. Biashara ya barabarani ikashuka sana. Watu wakisimulia habari hiyo wanasimulia nusu ya kwanza tu, kwa sababu kukamata ni rahisi, na nusu ya pili ina bajeti.

San Francisco wao mwaka 1995 walianzisha darasa. Mwanamume aliyenaswa mara ya kwanza alilipa ada, akakaa siku nzima akisikiliza habari za magonjwa, sheria, na wanawake waliotoka kwenye kazi hiyo, kisha shitaka likafutwa. Mmoja wa waanzilishi alikuwa mwenyewe amewahi kujiuza, na sehemu ya ada ilikwenda kuwasaidia wanawake. Tathmini iliyotolewa 2008 iliona wanaorudia kukamatwa wamepungua. Mimi hapo nina shaka kidogo: asiyerudia kukamatwa anaweza kuwa amejifunza kutokamatwa. Hata hivyo ni afadhali kuliko picha ukutani.

Picha sizitaki kabisa. Zinabandikwa kabla ya hukumu, na mtu akiachiwa na mahakama hakuna anayekuja kuzibandua. Wanaoadhibiwa hapo ni watoto wake shuleni.

Chambo inafaa, kwa masharti. Askari wa kike asianze yeye kumwita mtu wala kutaja bei. Akianza, wakili wa upande wa pili atasema mteja ameshawishiwa kutenda kosa, na kesi inaweza kufia hapo. Na uliza swali ambalo wakubwa hawalipendi: kondomu zitahesabiwa kama ushahidi? Human Rights Watch mwaka 2012 waliandika kuhusu miji minne ya Marekani ambako polisi walizitumia hivyo, na wanawake wakaanza kuogopa kuzibeba. Mtakuwa mmepunguza kelele na kuongeza ugonjwa.

Jicho_la_Pili

Mtoa mada, naona unakwepa. Usiku wa tatu kuna nini? Siku mbili uliandika vizuri tu.

Dirisha_la_Kona

Umenibana.

Usiku wa tatu kuna gari nimelijua kabla sijasoma namba, taa moja ya nyuma haiwaki. Ni la mtu tunayesali naye. Mkewe ndiye aliyewalea wanangu mke wangu alipolazwa. Lilipita mara nne, mara ya nne likasimama. Sikuandika. Halafu lililofuata nikaandika, la mtu nisiyemjua. Hapo ndipo nilipoanza kujiona mimi ni hakimu wa aina gani.

Dada Nilitoka_2, asante. Swali la ufunguo nimeliandika kwenye karatasi.

Nilitoka_2

Na wakikujibu "tutaangalia", waulize nani ataangalia, na siku gani.

Mzee_Kifimbo

Hapo kwa jirani unayesali naye, mkuu, hata mimi sijui ningefanyaje.

Dirisha_la_Kona

Mrejesho, kikao kimeisha jioni hii.

Barua zimesimamishwa. Nilisoma habari ya Mama_Mapacha bila kutaja jina, na mjumbe mmoja ambaye gari lake huazimwa na ukoo mzima akageuka upande wangu palepale. Picha nazo zimeondolewa, mkuu wa kituo alipinga kidogo halafu akakubali mpaka mtu ahukumiwe. Chambo inabaki, na kuhusu kondomu akasema hazitakamatwa, nikaomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao, likaingia.

Kuhusu ufunguo hakuwa na jibu. Alisema hiyo si kazi ya polisi, ni ya ustawi wa jamii. Nikamuuliza kwa nini ustawi wa jamii hawakualikwa. Wamepangiwa kikao kijacho, tarehe bado. Mtego wa kwanza tarehe yake ipo.

Daftari nililiweka mezani nikasema nalirudisha. Kila niliyemsogezea alilisogeza kwa mwenzake, mpaka likazunguka meza nzima. Nimerudi nalo nyumbani.