Nahamia nje: hati ya uwakili, akaunti ya pamoja, au niendeshe mwenyewe kwa simu?

Kifurushi:
Habari zenu wakuu. Nimepata kazi nje, mkataba wa miaka 3, na zimebaki wiki 5 niondoke. Nyuma naacha kiwanja ambacho hati yake haijatoka, mkopo wa benki wenye makato kila mwezi, na mama ambaye dawa zake nanunua mimi. Naona njia tatu: nimpe mdogo wangu hati ya uwakili, nifungue naye akaunti ya pamoja, au niendeshe kila kitu mwenyewe kwa programu ya benki. Mliopita huko, ipi imewafaa?

Mama Zuu:
Mdogo wangu, mimi nilichukua hiyo ya tatu, nikaamini simu inatosha. Mwezi wa nne laini yangu ya nyumbani ikafungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, na namba za uthibitisho za benki zilikuwa zinaingia kwenye laini hiyohiyo. Fedha zipo, kuzigusa siwezi. Wakaniambia nifike tawini mwenyewe na kitambulisho. Nilikata tiketi ya ndege kwa sababu ya laini ya simu! Nenda benki wiki hii, uliza kama wanapokea namba ya nje au kama uthibitisho unaweza kufanyika ndani ya programu, na ubadilishe ukiwa bado upo.

Karani:
Nimekaa kaunta ya benki miaka mingi, kwa hiyo nitasema wazi: akaunti ya pamoja iache. Ukishaifungua, fedha zinahesabika ni zenu wote. Mwenzako akidaiwa, mdai anaweza kuzifuata humo. Halafu kwenye fomu kuna kisanduku kidogo ambacho wengi wanakitia alama bila kusoma: saini ya yeyote kati yenu, au saini zenu wote wawili. Ukichagua ya pili nawe uko mbali, hakitoki kitu. Ukichagua ya kwanza, anaweza kumaliza zote asubuhi moja.

Hati ya uwakili ni nafuu zaidi, kwa kuwa mali inabaki yako na unaweza kuifuta. Ila isiwe ile ya "mambo yangu yote". Hiyo usimpe hata ndugu wa tumbo moja. Iandikwe namba ya akaunti, kiwanja kitajwe, yaandikwe na asiyoruhusiwa kufanya, kama kuuza au kukopa kwa jina lako, na tarehe ya mwisho. Na ujue kwamba uwakili unakoma aliyeutoa akifariki. Nimeona ndugu wakija kutoa fedha za mazishi kwa hati hiyo, tukawarudisha, na ilituuma.

Jongoo:
Naongezea hapo kwa Karani. Kaka yangu alikwenda na hati yangu yenye muhuri wa wakili, wakamkatalia. Sababu ni kwamba saini yangu haikufanana na ile niliyoweka siku nafungua akaunti miaka 12 nyuma, wakati huo nilikuwa naandika jina zima. Kabla ya kusafiri, omba benki wasasishe saini yako, na uliza kama wana fomu yao ya uwakili. Benki nyingine hazitaki iliyoandikwa nje ya benki.

Nahodha:
Yote hayo saini kabla hujapanda ndege. Ukisainia ugenini, hati inapitia kwa mthibitishaji wa huko, kisha inahitaji apostili, kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Apostili ni kijikaratasi cha mraba chenye vipengele 10 vyenye namba. Nchi moja ikiwa haimo, inabaki njia ndefu ya wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Msitegemee ushauri wa zamani: China iliingia Novemba 2023, Kanada Januari 2024.

Watu wanachanganya jambo moja. Apostili inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na shule vishughulikie sasa, na kwa kawaida tafsiri ifuate baada ya apostili, ili nayo itafsiriwe.

Mama Zuu:
Na ukituma fedha benki kwa benki, angalia nani anabeba makato. Ukiweka SHA, yaani mnagawana makato, benki za katikati zinaweza kukata njiani na mama akapokea pungufu. OUR unalipa wewe yote.

Karani:
Pia iambie benki yako kwamba umehama. Watakuuliza unalipa kodi nchi gani na namba yako ya mlipakodi, kwa sababu nchi nyingi sasa zinabadilishana taarifa za akaunti. Jibu kweli. Fomu isiyojazwa inaweza kukufungia akaunti.

Kifurushi:
Asanteni sana. Basi mdogo wangu nampa uwakili wa kiwanja tu, mwisho miaka 3, bila ruhusa ya kuuza. Mkopo nitaulipa kwa programu. Linalonisumbua ni dawa za mama, sitaki zipitie mkono wa mtu.

Karani:
Hizo hazihitaji mtu. Weka agizo la kudumu kutoka akaunti yako kwenda akaunti ya mama mwenyewe, tarehe ileile kila mwezi. Liwekee siku mbili tatu baada ya mshahara wako kuingia, maana akaunti ikiwa tupu siku hiyo agizo linaweza kuruka mwezi mzima.

Kifurushi:
Jumatatu naenda tawini na mama.