Fundi katoboa spika za AR-3a "zipumue": nani aliwaambia mafundi kila spika ni sabufa?

Wakuu, naandika nikiwa nimevurugwa, mnivumilie lugha. Jina la fundi naliweka kapuni. Yupo Kariakoo, na waliowahi kumpa kazi watamtambua kwa matobo.

Spika ni Acoustic Research AR-3a, za Marekani, toleo lililoanza kutoka 1967. Mzee wangu alizinunua kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anauza vyombo vyake kabla ya kurudi kwao. Wufa (spika ya besi) ni ya inchi 12, midirenji (ya sauti za kati) na twita (ya sauti nyembamba) ni vikuba vidogo, na boksi lenyewe ukilinyanyua peke yako utaomba maji. AR-3 iliyoitangulia imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Sijimwambafai, nataka tu mjue yule bwana alikabidhiwa nini.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kawaida: sponji ya pembeni ya wufa, ile pete laini inayoshikilia koni (karatasi inayotikisika) kwenye fremu, ilikuwa imeoza. Sponji za zamani zinaoza hata kama spika haipigwi, ukigusa inabaki kidoleni kama masizi yanayonata. Sponji mpya nikaagiza, nikakwangua za zamani mwenyewe, fremu nikazifuta kwa spiriti. Kapasita, vile vifaa vya umeme vinavyochuja sauti ya kila spika, pia nilishanunua, na gundi nyeupe inayokauka taratibu. Kazi iliyobaki ilikuwa kubandika na kulehemu, nikamwita aje aifanyie nyumbani kwangu, mezani kwangu, maelekezo yote nimemwandikia kwenye karatasi. Mimi nikaenda kazini.

Narudi jioni, kila boksi lina tobo mgongoni, limekatwa kwa msumeno wa duara, na ndani limechomekwa bomba la plastiki la sabufa. Namuuliza hii nini, ananijibu huku anakunja waya: "Zilikuwa hazipumui bosi, sasa utaisikia besi."

Hazipumui! Ndugu yangu, hazitakiwi kupumua! Tangu 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walipoianzisha kampuni, biashara yao nzima ilikuwa ni hiyo: boksi lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ndiyo springi inayoirudisha koni. Wufa yenyewe inaning'inia kwenye sponji laini makusudi kwa sababu hewa ndiyo inafanya kazi. Kwenye boksi lisilotobolewa ukiisukuma koni polepole kwa vidole ukaachia, inarudi kwa kujivuta. Sasa hivi yangu inaruka kurudi papo hapo. Besi ikiingia, koni inacheza ovyo haina wa kuizuia. Tobo la sabufa linapigiwa hesabu na wufa yake, halihamishwi tu kama kitasa cha mlango.

Halafu ile pamba ya kioo iliyojaa ndani kaitupa jalalani. Ati uchafu wa panya. Mdogo wangu alikuwepo, anasema jamaa alikuwa anajikuna huku analaani panya.

Gundi yangu hakuigusa, katumia supa gluu "ili tusikae sana". Ile nyeupe inakupa muda wa kuiweka koni katikati kabla haijashika, supa gluu inashika hapohapo ulipokosea. Wufa ya kushoto sasa ukiibonyeza unasikia koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza kwenye sumaku, kwrr, kwrr. Na ya kulia kageuza waya. Nimeweka betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu: ya kushoto inatoka nje, ya kulia inaingia ndani. Yaani hata hiyo besi aliyoniahidi inajifuta yenyewe spika zote mbili zikipiga pamoja.

Kapasita nilimwekea mezani, za mikrofaradi 150, 50 na 6, zisizo na chanya wala hasi. Hazionekani. Nilizozikuta zimelehemewa ndani ni zile za pawasaplai ya televisheni, zina alama ya hasi ubavuni kabisa! Umeme wa muziki unaenda na kurudi, unawezaje kuuwekea kapasita ya upande mmoja?

Hayo yote ningeweza kuyameza. Kinachonitoa roho ni twita. Kang'oa za asili zote mbili, kaweka piezo za kupiga kelele kama za spika za matangazo. Sababu yake: mita inasoma chini ya omu 4, kwa hiyo koili zimekufa. Mita ile inapima ukinzani wa waya tu, na hiyo omu 4 iliyoandikwa nyuma ya boksi ni ya muziki unapopita, lazima mita isome chini! Twita zile zilikuwa zinaimba hadi asubuhi ya siku hiyo, na mpya hazitengenezwi tena. Nampigia azirudishe, ananiambia kifaa kilichotolewa ni cha fundi, ndiyo utaratibu. Utaratibu wa nani? Wiki hii nampeleka serikali ya mtaa, na malipo yaliyobaki hapati hata senti.

Ninachoomba hapa: kwanza, nikiziba matobo kwa mbao ya unene uleule, gundi ya mbao na skrubu, itatosha kuzuia hewa au nipitishe na silikoni kwa ndani? Pili, supa gluu inatokaje kwenye koni ya karatasi bila kuichana? Nimesikia asetoni, naogopa. Tatu, pamba ya kioo safi inauzwa wapi Dar, isiwe ile ya kufungia mabomba yenye karatasi ya fedha.

Na mkiona mtu Kariakoo anauza twita mbili ndogo za kuba, waya zake nyembamba zinaonekana kwa mbele, piga picha unitumie. Usimuulize bei, asije akashtuka.