Mrejesho: Kitamili cha ukweni kwa kupitia Kihindi

Wakuu, niliuliza kama Kihindi nilichookota nikisoma Pune, India, kingenifaa kuongea na wakwe zangu wa Madurai, kusini mwa nchi hiyo, ambao ni Watamili. Wengi mlisema nisahau, lugha hizo si ndugu. Kweli si ndugu, ila kimenibeba sana.

Kitenzi hukaa mwishoni kotekote, hiyo ni nafuu ya kwanza. Kilichonifungua hasa ni hiki: kwa Kihindi njaa ndiyo inayokupata wewe, "mujhe bhookh lagi hai". Kitamili ni vilevile, "enakku pasikkudhu". Basi nikawa penye "mujhe", yaani "kwangu mimi", naweka "enakku": "enakku venum", nataka, "enakku theriyum", najua. Aliyeanzia Kiingereza hapo anahangaika.

Heshima nayo ipo. Mtoto namuuliza "saaptiya?", umekula? Mama mkwe ni "saaptingala?", kama kwa Kihindi unavyobadili "tum", wewe wa kawaida, kuwa "aap", wewe wa heshima. Ukikosea kwa mtoto watacheka tu. Kwa mkubwa, chunga.

Panapogoma ni kwenye "sisi". Kihindi kina "ham" basi. Kitamili kina "naama", wewe ukiwemo, na "naanga", wewe haumo. Shemeji zangu hunirekebisha katikati ya maongezi, hawachoki.

Naandika kila kitu kwa herufi za Kihindi, maana za Kitamili hutumia alama moja kwa p na b. Kusoma nimekuweka kando kwanza. Ukweni napiga simu, siandiki barua.