Risasi ikilia Boni, runinga zaonyesha punda wa Amu

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira wala sitaificha. Juzi jioni tulikuwa Mkunguni, mbele ya ngome ya Amu, yaani mji wa kale wa Lamu ulio kisiwani, tukinywa kahawa, kijana mmoja akatuonyesha kwenye simu yake kituo cha runinga kikitangaza kwa herufi nyekundu kwamba Lamu imeshambuliwa. Tukio lenyewe lilikuwa bara, katika msitu wa Boni, lakini picha iliyowekwa nyuma ya mtangazaji ilikuwa ya gati letu na punda wetu wamebeba mchanga. Mzee mmoja aliinua macho, akalitazama gati, akarudi kwenye bao lake.

Mimi ni nahodha wa mashua ya wageni, na kabla ya adhana ya Isha watu waliokuwa wamenikodi kwa wiki nzima walikuwa wameshaahirisha safari. Kaunti ya Lamu inafika hadi mpaka wa Somalia. Je, kila linalotokea humo ni la mji huu wa vichochoro, ambao tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia?

Mchezo huu si mpya. Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, huko bara ya kaunti yetu, Al-Shabaab walidai ni kazi yao, naye Rais Uhuru Kenyatta akatokea kwenye runinga akasema si wao, bali ni mitandao ya kisiasa ya humu humu nchini. Basi studio zikajaa wanasiasa wakitupiana lawama na wachambuzi wa usalama ambao, kwa nionavyo, hata Mokowe, gati la bara la kuvukia kuja kwetu, hawajawahi kushuka, huku waliofiwa wakipewa nafasi ya kulia kidogo kabla ya matangazo ya sabuni. Julai ikaja amri ya kutotoka nje usiku, na sisi wa kisiwani, tulio ng'ambo ya maji, tukafungiwa pamoja na wengine. Anayeishi kwa uvuvi wa usiku ajua maana yake. Mtu akiyatungia hayo filamu ya dhihaka, ataambiwa ametia chumvi.

Ninalodai ni dogo: watangazaji wataje mahali kwa jina lake na waonyeshe picha za mahali hapo, au wasionyeshe kitu. Jana nilikipigia simu kituo hicho kulalamika. Aliyepokea alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina video ya shambulio.