Venice usiku 4: Mestre, Cannaregio, San Marco, Lido au Padova?

Pwani_Tulivu

Wakuu, salaam. Safari ni ya watu wanne, mwisho wa Oktoba, usiku 4 Venice: mume, mke, mtoto wa miaka 8 na bibi yake wa miaka 68 ambaye magoti hayamruhusu ngazi nyingi. Ndege inatua Milan, kisha treni. Tumebakiwa na machaguo matano: hoteli Mestre karibu na stesheni, fleti Cannaregio, hoteli ndogo nyuma ya San Marco, hoteli Lido, au kulala Padova na kwenda Venice kila asubuhi. Mestre ni rahisi kuliko Cannaregio kwa yuro 60 kila usiku, kwa sisi wote wanne. Tuna mabegi makubwa mawili, tunataka chakula halali, na viza bado haijaombwa. Naomba hesabu na sababu. Sifa za mji tunazijua.

Reli_na_Ramani

Mkuu, kwanza soma msimbo wa posta kwenye tangazo. Karibu kila hoteli ya bara inaandikwa "Venezia", na si uongo, kwa sababu Mestre na Marghera zimo ndani ya manispaa ya Venice. Mitaa ya mji wa kale ndiyo hii: 30121 ni Cannaregio, 30122 Castello, 30123 Dorsoduro, 30124 San Marco, 30125 San Polo, 30135 Santa Croce. Lido ni 30126. Ukiona 30171 hadi 30174, hiyo ni Mestre na vitongoji vyake. 30175 ni Marghera. Treni nazo zina mtego huohuo: Venezia Mestre ni bara, Venezia Santa Lucia ndiyo ya mji wa kale, na katikati treni inavuka wangwa kwa dakika 10 hadi 12. Kila siku kuna watu wanashuka Mestre na mabegi yao wakitafuta mifereji.

Kwa mizigo na magoti, Mestre ina nguvu. Hoteli zilizo mkabala na stesheni zinafikika kwa njia tambarare na nyingi zina lifti. Treni za kawaida kwenda Santa Lucia mchana zinafuatana kwa dakika chache, nauli takriban yuro 1.50. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Usipoigonga, mkaguzi anakutoza faini hata kama umeilipia. Chakula halali ndiyo hoja kubwa zaidi. Via Piave na mitaa ya jirani, hatua chache kutoka stesheni, ina maduka na migahawa mingi ya Wabangladeshi, na bei zake ni za wakazi.

Angalia tu uko upande gani wa reli. Upande wa Marghera vyumba huwa rahisi zaidi, lakini kila kutoka na kurudi ni kupita njia ya chini ya reli.

Bi_Shani

Ndugu, hesabu ya Mestre inaharibika saa nane mchana. Mzee wa magoti mabovu anahitaji kulala saa mbili katikati ya siku, na mtoto naye anahitaji. Aliye Cannaregio anarudi kitandani kwa dakika kumi. Aliye Mestre anatembea hadi kituo, anapanda boti hadi stesheni au Piazzale Roma, kituo cha mabasi, anapanda treni au basi, kisha anarudia yote jioni. Matokeo yake hakuna anayerudi kupumzika, na saa kumi na moja familia nzima imekwisha. Kumbuka pia kwamba San Marco hupumua kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni, wageni wa kutwa wakishaondoka. Saa hizo ndizo mnazolipia mnapolala ndani.

Ila fleti ya Cannaregio isichaguliwe kwa umbali. Mji una madaraja zaidi ya 400, na karibu yote ni ya ngazi kupanda na kushuka. Mita 300 zenye madaraja matatu ni adhabu kuliko kilomita moja iliyo tambarare, na begi la magurudumu linageuka mzigo wa begani kwenye kila daraja. Kwa hiyo tafuteni eneo ambalo halina hata daraja moja kutoka stesheni.

Lipo, na ni hili: mkitoka Santa Lucia pindeni kushoto, fuateni Lista di Spagna hadi uwanja wa Campo San Geremia. Hadi hapo hamjavuka kitu. Mkifika mfereji wa Cannaregio msipande Ponte delle Guglie. Pindeni kushoto, mfuate ukingo wa Fondamenta Savorgnan. Nyumba za mwanzo wa ukingo huo hazina daraja kati yake na treni, na kuna bustani ya Savorgnan kwa ajili ya mtoto. Ukivuka Guglie unaingia upande wa Ghetto, mtaa mzuri na tulivu, lakini kila safari ya stesheni itakugharimu daraja.

Lista di Spagna yenyewe ina migahawa ya kunasa wageni na kelele za mabegi alfajiri. Ombeni chumba kinachotazama nyuma.

Kiti_cha_Dirisha

Tuweke namba. Tofauti ni yuro 60 mara 4, yaani 240. Treni ya Mestre, watu wanne kwenda na kurudi, ni kama yuro 12 kwa siku. Mkirudi kupumzika mchana ni 24. Wengi wanaishia hapo na kusema tofauti halisi ni ndogo.

Kuna kitu kinachobadilisha hesabu. Kwa sababu ya bibi mtahitaji vaporetto, zile daladala za majini, popote mtakapolala. Tiketi moja ni yuro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo mtu akipanda mara mbili kwa siku keshafika 19. Pasi ya saa 72 ni yuro 45. Mtoto wa miaka 8 anaingia kwenye kadi ya Rolling Venice, ya umri wa miaka 6 hadi 29: kadi yuro 6, kisha pasi ya saa 72 kwa yuro 27. Jumla ya familia ni 135 na 33, yaani 168. Pasi hizo zinakubalika pia kwenye mabasi na tramu za Mestre, ila si kwenye treni. Basi namba 2 linatoka stesheni ya Mestre hadi Piazzale Roma, na kutoka hapo hadi gati la boti ya laini 1 hakuna daraja. Kwa hiyo mwenye pasi anayelala Mestre halipi nauli ya ziada, na ile 240 inabaki karibu yote mfukoni.

Saa 72 zinahesabiwa tangu mnapogusisha pasi mara ya kwanza, si kwa tarehe. Mkifika jioni na nyumba iko Savorgnan, msiiguse siku hiyo. Anzeni kesho yake asubuhi.

Swali basi ni kama kulala mchana na jioni tulivu vina thamani ya yuro 240 kwenu. Pasipo bibi ningesema Mestre. Kwa huyu bibi ningelipa, mradi fleti ina lifti au iko ghorofa ya kwanza yenye ngazi chache. Fleti ya ghorofa ya tatu bila lifti inashindwa na Mestre moja kwa moja.

Pwani_Tulivu

Asanteni sana. Vipi San Marco, na maji kujaa mwezi huo? Na Lido na Padova mbona hamzigusi?

Bi_Shani

San Marco niiondoe haraka: ndiyo ghali kuliko zote, na hoteli nyingi ndogo ziko kwenye majengo ya zamani yasiyo na lifti. Kufika huko na mabegi ni boti ya laini 1 kwa takriban dakika 40, kisha madaraja. Pia ndiyo sehemu ya chini kabisa ya mji.

Acqua alta, yaani hayo maji kujaa, huja zaidi kati ya Oktoba na Januari, upepo wa sirocco ukisukuma bahari ya Adria kuelekea kaskazini wakati maji yamejaa. Siku mbaya kabisa ilikuwa Novemba 4, 1966, sentimita 194. Ya pili Novemba 12, 2019, sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 kuna malango ya MOSE kwenye milango ya wangwa, yanayonyanyuliwa utabiri ukifika kama sentimita 110. Chini ya hapo huwa hayanyanyuliwi, na uwanja wa San Marco huanza kulowa kwenye sentimita 80 na kitu. Kwa hiyo unaweza kusoma kwamba malango yanafanya kazi, ukatoka mlangoni na kukuta maji ya kifundo cha mguu. Hata sentimita 110 zenyewe hufunika kama asilimia 12 tu ya mji. Maji hukaa saa chache, hayashindi kutwa. Msichukue chumba cha chini, kinachoandikwa "piano terra": hata maji yasipoingia, unyevu upo. Buti za mpira zinauzwa madukani kote maji yakitangazwa, msibebe za nyumbani.

Reli_na_Ramani

Lido: kisiwa tambarare, kina magari na mabasi, na ni kizuri kwa magoti kuliko sehemu yoyote ya upande wa bahari. Boti hadi San Zaccaria, jirani na San Marco, ni kama dakika 15. Lakini kutoka stesheni kwa laini 1 ni karibu saa nzima na mabegi, huduma za ufukweni Oktoba zimefungwa, na hoteli nyingine nazo hufunga msimu. Kwa Julai ningeitetea.

Padova ni mji wenye vitu vyake, kuanzia Cappella degli Scrovegni, kanisa dogo lenye michoro ya Giotto, na treni ya haraka hadi Santa Lucia ni chini ya nusu saa. Ya kawaida hukaribia dakika 50. Kwa familia hii ina kasoro zote za Mestre, na nauli zaidi. Faida ingekuwa bei, na Mestre tayari inawapa.

Kuhusu Mestre bado nasimama, ila niongeze tahadhari ambayo wenzangu hawajaigusa: mgomo. Italia hutangaza migomo mapema, na siku za kazi treni za mikoa hulindwa saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 hadi 3 usiku. Anayelala bara apange siku yake ndani ya saa hizo. Usiku wa manane treni hukatika, mnabaki na mabasi ya usiku ya Piazzale Roma.

Tarehe nazo: Novemba 1 ni sikukuu Italia. Ikigusana na wikiendi, bei za mji wa kale hupanda. Mkiweza kuondoka Oktoba 30, fanyeni hivyo.

Mkaguzi_wa_Stakabadhi

Dada/kaka, kwa kuwa viza bado, chagua nafasi inayofutika bure, na uhakikishe majina ya watu wote wanne yameandikwa kwenye uthibitisho wa hoteli. Jina moja na "wageni 4" huleta maswali dirishani. Usiku wote wa safari ufunikwe, pamoja na ule wa Milan kama upo, na bima iwe ya angalau yuro 30,000.

Fleti lazima iwe na CIN, yaani namba ya usajili wa nyumba za wageni, ya lazima tangu Januari 1, 2025 kwenye matangazo na mlangoni. Ya manispaa ya Venice huanza na IT027042. Tangazo lisilo nayo liacheni, hata picha zikivutia vipi. Mwenye nyumba atataka pasipoti, kwa sababu anatakiwa kuwaripoti wageni polisi ndani ya saa 24. Msikatae, maana mkipitia nchi nyingine ya Schengen kabla ya Italia, usajili huo ndio unaowaondolea kwenda polisi kutoa taarifa ya kuwepo ndani ya siku 8. Ombeni nakala.

Kodi ya watalii hulipwa kwa mtu kwa usiku, kwa usiku 5 wa kwanza, na mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni. Hutegemea daraja la hoteli, msimu na eneo, na Mestre ni nafuu. Mtoto wa chini ya miaka 10 halipi. Ile ada ya kuingia mjini ni ya wageni wa kutwa; mwaka 2025 ilitozwa siku 54 kati ya Aprili na Julai, yuro 5, au 10 kwa waliochelewa kulipa. Mwisho wa Oktoba haiwahusu. Watakaokwenda majira hayo wakalala Mestre au Lido wamesamehewa, ila wachukue msimbo wa msamaha mtandaoni. Waliolala Padova wanalipa.

Bi_Shani

Mkipata fleti, tumeni ujumbe huu kabla ya kulipa: "Quanti ponti ci sono tra la stazione e la casa? C'è l'ascensore? Quanti gradini fino alla porta?" Maana yake madaraja mangapi toka stesheni, kuna lifti, na ngazi ngapi hadi mlangoni. Anayejibu "pochi", yaani machache, mwombeni namba. Ombeni pia jina la kichochoro na kituo cha boti kilicho karibu. Anwani za Venice huhesabiwa kwa mtaa mzima, kwa mfano Cannaregio 2345, na namba inayofuata inaweza kuwa upande wa pili wa ukuta. Majina ya vichochoro hurudiwa. Calle del Forno ziko nyingi mno.

Halali upande huo wa mji ni maduka machache ya kebabu, kwa hiyo jiko la fleti litawafaa. Mkila samaki nje semeni "senza vino, senza maiale", yaani bila mvinyo, bila nguruwe: samakigamba wa spaghetti alle vongole huwekewa mvinyo mweupe, na supu ya maharage mara nyingi ina nyama ya nguruwe ingawa menyu haisemi.